Waya wa Faraja

1

Mzee Kikoti alipomsikia marehemu akimsifu, aliweka sahani ya wali chini, akavuta viatu vyake kutoka chini ya benchi, akaanza kuvivaa.

Spika mbili zilizofungwa kwenye nguzo za turubai ziliendelea kuongea. Sauti ilikuwa ya Mzee Kolumba Komba, nzito na safi kama enzi za uzima wake, ingawa mwenyewe alikuwa na siku arobaini kaburini.

"Kikoti, rafiki yangu mpendwa," ilisema, "umekuwa nguzo ya familia yangu. Nakushukuru kwa uaminifu wako wa miaka mingi. Nakutakia kila la heri."

Watu kwenye mikeka waliguna kwa heshima. Mmoja akasema amina. Kikoti akakaza kamba ya kiatu cha pili, akatoka.

Eusebia, binti wa marehemu, alimfuata na mwiko mkononi. Alikuwa mama wa watoto watatu na fundi umeme mwenye stashahada, na hakuwa na desturi ya kubembeleza watu wazima.

"Baba Kikoti, unakwenda wapi?"

"Mafinga."

"Hujafungua kamba."

"Afungue mwingine. Mimi hapa siyo mtani tena. Umesikia mwenyewe, nimekuwa rafiki mpendwa." Alilitoa neno hilo kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

Kikoti alikuwa Mhehe na Komba Mngoni, na kwa miaka arobaini na miwili walikuwa hawajaambiana neno zuri hata moja. Waliitana mtumwa. Waliibiana kofia. Siku ya mazishi Kikoti alijilaza kaburini kabla ya jeneza, akakataa kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mtani. Katika ukoo wa Komba mtani ndiye hufunga kamba ya kwanza ya turubai la msiba, na siku ya arobaini ndiye huifungua. Kamba isipofunguliwa, matanga hayajaanuliwa. Mjane haondoki kwenye mkeka wake, na ndugu waliotoka mbali hawarudi makwao.

Nje ya geti bajaji isiyo na dereva ilikuwa imeshafika, mlango wazi.

"Kile kinasa sauti mnachokipiga humo ndani, mimi ndiye nilimtumia baba yako kwa basi," Kikoti alisema. "Nikamwekea na karatasi. Nikamwandikia, Komba, nasikia unakufa, nitukane kwa mara ya mwisho na uwe na bidii. Mtu ameagiza matusi, analetewa hotuba ya mgeni rasmi! Sasa nieleze. Mtani akianza kukusifu, maana yake nini?"

Eusebia aliijua maana yake. Amekutoa. Amekufanya mtu baki.

"Baba hakusema vile," alisema. "Ni waya."

"Waya gani unaolijua jina langu?"

"Upo."

Mzee akaipiga bajaji kofi la ubavuni, nayo ikafunga mlango na kuondoka tupu. Akaketi kwenye tofali la nje ya geti.

"Nionyeshe. Nakaa hapa mpaka saa kumi. Saa kumi ikifika na mimi bado mpendwa, naondoka, na turubai lenu lioze hapo hapo."

2

Ulikuwa waya mweupe, laini, wenye kinundu kidogo kila baada ya mita moja. Ndani ya kila kinundu mlikuwa na mbegu, na mbegu ilisikiliza.

Duka la serikali la Songea liliuza nyaya za spika za madaraja matatu. La Kwanza lilishusha kelele. La Pili lilifuta matusi. La Tatu liliitwa Faraja, nalo lilikuwa la hospitali na nyumba zenye wagonjwa. Mbegu za Faraja zilipokea maneno upande mmoja, zikayaelewa, na upande wa pili zikatoa maneno ya kumtuliza msikilizaji, kwa sauti ile ile ya msemaji, ikiwa imesafishwa. Hapakuwa na daraja la nne. Shaba tupu ilikuwa imekusanywa nchi nzima, na spika yoyote ya nyumbani isiyo na mbegu ilikuwa kosa la jinai.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Eusebia alikuwa chuoni miaka ile ya sauti za kutunga, pale mtu yeyote mwenye simu aliweza kutengeneza sauti ya jirani yake akitukana dini ya mtaa mzima na kuipiga sokoni. Watu waliuawa kwa maneno ambayo hawakuyasema. Waya ulipokuja, mitaa ilitulia. Yeye mwenyewe aliufunga waya huo katika nyumba zaidi ya mia mbili, na kila jioni alilala usingizi mzuri.

Na katika nyumba hii ya baba yake aliufunga mwenyewe. Koo la baba yake lilipokufa kwa ugonjwa, likabaki na mkwaruzo usiosikika hata hatua moja, alimvika kipaza sauti cha shingoni kinachosoma mtikisiko wa misuli, akavuta waya mpaka kwenye spika ya kitandani na nyingine jikoni, ili akiita asikike. Alipima urefu, akapima ukinzani, akahesabu maungio. Muuza duka alimuuliza, "Daraja lipi, mama? Kwa mgonjwa chukua Faraja. Watu wa mwisho mwisho wanasema mambo mazito. Usijitese." Akalipa, akaondoka. Alikuwa na haraka. Siku zote alikuwa na haraka. Baba yake alipokufa, aliing'oa spika ya kitandani na kuuvuta waya ule ule mpaka kwenye spika za turubai.

Sasa, chini ya turubai, akiwa ameshika kinundu kimoja kati ya vidole viwili, alikumbuka kijiko.

Miezi mitatu ya mwisho baba yake alikuwa akipiga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Spika ilikuwa inasema, "Nashukuru, mwanangu, nimepumzika vizuri," naye mzee anatikisa kichwa na kupiga kijiko, ka, ka, ka. Daktari alisema ni neva. Eusebia akakichukua kijiko, akakiweka kwenye droo.

Akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

Bibi Auleria alikuwa ameketi kwenye mkeka wake sebuleni, miguu imenyooshwa, khanga imefunika kichwa. Eusebia alimweleza kwa sentensi nne. Mama yake hakushtuka, na hilo ndilo lililomshtua Eusebia.

"Nilijua," mama alisema.

"Ulijua nini?"

"Komba gani wa kuniambia chai yangu ni tamu? Miaka hamsini anasema ni maji ya kuoshea vikombe. Nikasema, ugonjwa umemlainisha. Halafu nikasema, hata kama siyo yeye, acha tu. Nilikuwa nimechoka, Eusebia. Usiku namgeuza, mchana namgeuza. Sauti ikisema asante, mikono inapata nguvu."

"Mama, huenda alikuwa anaomba kitu."

"Alikuwa anaomba. Sasa amekufa. Ukimfungulia leo aombe tena, utampa?"

Eusebia alitazama saa ya ukutani.

"Kikoti anaondoka saa kumi," alisema.

"Basi sikiliza peke yako kwanza. Toa mabaya, acha matusi ya Kikoti. Kila mtu anapata lake. Wewe si fundi?"

Lilikuwa wazo zuri, na lingechukua nusu saa. Eusebia alilitazama wazo hilo kama anavyotazama ungio lililofungwa kwa gundi ya karatasi: linashika leo, kesho linawasha nyumba.

"Hapana. Nikikata mimi, nitakuwa mimi ndiye waya."

"Na kama amekutukana mbele ya ukoo mzima?"

"Nitatukanwa."

"Na mimi je? Hukuniuliza."

Hilo lilimsimamisha mlangoni. Aligeuka, akarudi, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nakuuliza sasa, Mama. Ukisema niache, naacha, na Kikoti nitamsindikiza stendi mwenyewe."

Bibi Auleria aliikunja ncha ya khanga mara tatu, akaikunjua.

"Nenda," alisema. "Lakini usinifunge mlango. Nitasikilizia hapa hapa."

3

Shaba haikuwepo dukani, kwa hiyo ilibidi ipatikane nyumbani.

Stoo ilimpa vitu vitatu. Waya wa kengele, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia: ungepitisha sauti, lakini ungeila nusu njiani. Waya wa pasi, mzuri, laini, ila urefu wake mita moja na nusu. Na roli la waya mnene wenye rangi ya shaba, ambalo lilimfurahisha mpaka alipolikwaruza kwa kisu. Ndani lilikuwa jeupe. Aluminiamu iliyopakwa rangi, imekatika sehemu tano. Alilitupa.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Spika za baba yake zilikuwa za zamani, zenye ukinzani wa omu nne. Waya wa kwenda na kurudi usizidi ukinzani wa moja ya ishirini ya hizo, la sivyo besi inalegea na maneno yanafifia. Kwa umbali mrefu unataka waya mnene. Mnene haupo? Fupisha umbali. Kutoka sebuleni mpaka kwenye nguzo za turubai palikuwa na mita kumi na nane. Eusebia aliibeba amplifaya ya baba yake, iliyokuwa ikizikuzia sauti spika hizo, mikononi mwake mpaka barazani, akapima tena: mita tisa kila spika. Amplifaya hiyo ilikuwa kongwe kuliko sheria. Haikuwa na mbegu, na ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

Alihitaji mita kumi na nane za waya wa nyuzi mbili. Aliingia chumbani kwa baba yake na patasi.

Mwaka wa kukabidhi shaba, Mzee Komba alipeleka ofisi ya mtaa roli moja, akapewa risiti, akaitundika ukutani kwa fremu. Kisha akapaka plasta juu ya soketi zote za ukuta wa kusini, uliokuwa umefungwa nyaya na mikono yake mwenyewe kabla Eusebia hajazaliwa. "Ukuta huu hauna kitu," alikuwa akisema kila mwaka alipoupaka chokaa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini anausema sana.

Eusebia aliishusha fremu ya risiti, akaweka patasi, akapiga nyundo.

Plasta ilianguka vipande vipande kwenye godoro lililovuliwa shuka. Shangazi mmoja akachungulia, akasema "Yesu na Maria," akarudi kwenye mikeka kuwaeleza wengine. Waya ulitoka ukutani kwa shida, na kwenye dari kwa urahisi: mwekundu na mweusi, milimita mbili na nusu za mraba, ukiwa na vumbi la miaka arobaini. Alipouchuna ncha, shaba iling'aa kama imetengenezwa jana. Zilitoka mita ishirini na kidogo.

Alifunga mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye alama ya kutoa, spika zote mbili vilevile, kwa sababu ukigeuza moja, zinapingana na sauti inakuwa nyembamba kama ya mtu aliyeko kisimani. Hakutaka kujaribu kwa sauti ya baba. Alichukua betri ndogo ya saa ya ukutani, akagusisha ncha za waya. Koni ya spika ya kushoto ikaruka mbele. Ya kulia ikaruka mbele. Vizuri.

Saa tisa na nusu alipanda kwenye benchi, akaukata waya mweupe kwa koleo. Kinundu cha karibu kikawaka taa nyekundu, kikazimika.

Dakika kumi na tano baadaye ile bajaji isiyo na dereva ilisimama tena getini, safari hii ikiwa na mtu ndani.

4

Mkaguzi wa sauti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, sare ya bluu iliyopigwa pasi, koleo la kukatia kiunoni. Alisalimia msiba kwanza, akatoa pole, ndipo akamwulizia mwenye nyumba.

"Ni mimi. Eusebia Komba."

"Vumilia Luambano. Mama, mfumo unaonyesha spika zako mbili zimetoka kwenye mtandao, na Faraja imekatwa." Aliutazama ule waya mwekundu na mweusi. "Hii ni shaba."

"Ni shaba."

"Unaijua sheria."

"Nimefunga nyaya zenu miaka kumi na minne. Naijua kuliko wewe."

"Basi unanirahisishia kazi." Hakusema kwa ukali. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama, mimi sina ubaya na wewe. Sauti ya mama yangu ilitungwa, ikapigwa gulioni. Alichomewa nyumba kwa maneno ambayo hakuyasema. Alikuwa ndani. Ndiyo maana nafanya kazi hii, na nikiona shaba naikata."

Eusebia alimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akasema, "Mama yako alisingiziwa maneno. Baba yangu amesingiziwa maneno miezi mitatu, na aliyemsingizia ni mimi, kwa waya wenu. Sioni tofauti."

"Tofauti ni kwamba huyu wako alisingiziwa mazuri."

"Muulize yule," Eusebia alisema, akamwonyesha Kikoti, ambaye alikuwa ameingia na tofali lake na kuketi katikati ya uwanja.

Akabonyeza kinasa sauti kabla mkaguzi hajajibu.

Kwanza ulikuja mvumo. Halafu sauti, na haikuwa ile nzito na safi. Ilikuwa kavu, ya kukwaruza, kama mtu anayeparaza sufuria iliyoungua. Ilikuwa sauti ya koo lililokufa, na kila mtu uwanjani akaitambua mara moja.

"Kikoti," ilisema. "Wewe mtumwa. Umefika? Najua umefika. Penye wali hukosekani."

Kikoti alishika magoti yake.

"Najua jeneza langu utabeba upande wa miguu, upande mwepesi. Mvivu wewe. Miaka arobaini na miwili nakulisha, miguu bado kama fito. Damu yako nusu pombe ya ulanzi. Babu zako walikimbia, wewe hata kukimbia huwezi. Kofia yangu ya kijivu unayo wewe. Usiirudishe. Ivae, ufanane na mtu."

Uwanja mzima ulipasuka. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walishikana mabega. Kikoti alikuwa akicheka bila sauti, mdomo wazi, machozi yakishuka kwenye mikunjo ya mashavu, akirudia, "Mshenzi. Mshenzi huyu. Mshenzi wangu."

"Auleria," sauti iliendelea, na kicheko kikakatika. "Uji wako unaniunguza ulimi. Nasema unaunguza, kile kisanduku kinasema mtamu. Nawe unaongeza. Mke wangu, miaka hamsini hujawahi kunisikiliza, lakini safari hii kosa si lako."

Vichwa viligeukia mlango wa sebuleni.

"Mgongo unauma. Nageuzwa upande mbaya. Kushoto ndiko kunauma, mnanilaza kushoto. Nasema kulia. Kulia. Kulia."

Neno hilo lilijirudia, nyuma yake kijiko kikisikika, ka, ka, ka. Mtu mmoja kwenye mikeka alianza kulia kwa sauti. Mkaguzi Luambano alikuwa ameshachomoa koleo.

"Inatosha," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii ndiyo sababu Faraja ipo. Mnajiumiza bure." Akainama kwenye waya.

Kikoti aliinyoosha miguu yake juu ya ule waya mwekundu na mweusi.

"Binti, wewe Luambano ni Mngoni, kwa hiyo ni mtumwa wangu pia. Ukitaka kukata, anza na mguu huu. Umesikia, ni fito, hautakusumbua."

Mkaguzi alisimama na koleo wazi. Hakukata. Hakurudi nyuma pia.

Kinasa kililia tiki; sasa ilikuwa siku nyingine, na kijiko hakikusikika tena. "Eusebia," sauti ilisema.

Eusebia aliweka mikono nyuma. Alisimama wima, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Wewe ndiye fundi. Umechagua waya mbaya. Nimekuambia mara ngapi, nawe unanijibu, karibu Baba. Kijiko umeniondolea. Sasa nimebaki na hiki kidude cha Kikoti, nakibana mdomoni, maana chenyewe hakina adabu." Mvumo. Pumzi. "Nilitaka kusema sikukasirikii. Nimefikiria. Nakukasirikia. Kidogo. Mtu akifa anaruhusiwa kukasirika kidogo. Ukuta wa kusini una shaba, nilikuwa nakuwekea. Badilisha waya."

Kinasa kikakatika chenyewe.

Hakuna aliyesema amina. Eusebia alibaki pale pale, uso umelowa, hakuufuta. Alikuwa ametukanwa mbele ya ukoo mzima, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze alikuwa na baba aliyekufa, badala ya spika iliyozimwa.

"Eusebia!" Ilikuwa sauti ya Bibi Auleria kutoka sebuleni, ya juu, ya hasira. "Rudia! Pale pa uji!"

Akarudia pale pa uji. Mkaguzi alingoja mpaka paishe, kisha akarudisha koleo kiunoni na kutoa kompyuta yake ya mkononi.

"Nitaandika kosa," alisema, bila kumtazama mtu. "Utaitwa mahakamani. Leseni yako ya ufundi wataichukua, nisikudanganye."

"Andika."

"Waya huu nilipaswa kuukata kabla sijaandika. Nitaandika kwanza. Mwandiko wangu ni wa polepole."

Kikoti aliinuka, akapangusa vumbi kwenye suruali, akaenda kwenye nguzo ya mashariki. Alihangaika na fundo alilolifunga mwenyewe, akiwatukana Wangoni wote walio hai na waliokufa, mpaka kamba ikaachia na kona ya turubai ikashuka. Bibi Auleria alitokea barazani akijishikiza mlango. Alikuwa ametoka kwenye mkeka.

Mkaguzi alimgeuzia Eusebia kioo cha kompyuta. Palikuwa na sehemu ya sahihi, na juu yake mstari mmoja mtupu: *Maelezo ya mtuhumiwa.*

Eusebia aliandika kwa kidole, herufi kubwa, kila moja ikae peke yake, isije ikasomwa vingine:

NIMEBADILISHA WAYA.

Akatia sahihi. Kisha akaingia jikoni na koleo lake, kwenye spika iliyobaki na waya mweupe.